Ukuta wa Samadi

Kwale ndio waliomla mtamba wa Zuurakan. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na ukikaa ukafikiri huoni alipokosea. Mtamba aliuzwa mnadani, fedha zikanunua magunia ya mbegu, mbegu zikarushwa kwa mkono kwenye mteremko uliochakaa nyuma ya nyumba, na kabla hazijashika udongo kwale wakashuka kutoka kwenye majabali ya juu, makundi kwa makundi, wakala kama walioalikwa arusini. Walichobakiza kilizolewa na mvua ya kwanza. Mwezi wa sita ulipoingia mteremko ulikuwa vilevile: udongo mwekundu, miiba na kokoto.

Mwezi huohuo kamati ya malisho ilikuja kukagua. Mwenyekiti wake aliitwa Kubat, mtu wa maneno machache aliyevaa koti zito hata jua likiwaka. Hakuja peke yake. Pembeni yake, juu ya farasi aliyesuguliwa mpaka akang'aa, alikuwepo Orozbek, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati wala hakualikwa na mtu. Orozbek alikuwa na farasi wengi kuliko malisho, na trekta pekee lililokuwa likiwaka kijijini. Mtu wa namna hiyo haulizwi amefuata nini.

Zuurakan aliwatandikia zulia la sufu, akatoa maandazi, siagi na jamu. Begimai, mkazamwana wake, akakaa kwenye samawari. Alimimina kama alivyolelewa, chai kidogo tu chini ya bakuli, kwa kuwa mgeni unayempenda hutiliwa kidogo ili alirudishe bakuli tena na tena na mazungumzo yaendelee. Bakuli likijazwa pomoni, hiyo ni lugha nyingine: kunywa, chukua kofia yako, nenda. Zuurakan alimtazama Orozbek akinywa, na mkono ukamwasha.

"Mzee Sadyrbek," Kubat alisema, "utaratibu unaujua. Kila kaya ilipewa mteremko wake ulioharibika iurudishie majani. Anayeshindwa, mteremko anapewa mwingine. Mimi siwezi kusema kuna nyasi wakati naona kokoto."

"Kokoto na kwale," Sadyrbek alijibu. Alikuwa mume wa Zuurakan, mzee mrefu mwenye mzaha wa taratibu, na siku ile mzaha ulimtoka kwa shida. "Kwale nao ni mifugo, mwenyekiti. Ungewaona walivyonenepa."

"Mpe mwaka mwingine," Orozbek aliingilia, akipaka siagi nyingi kwenye andazi lisilo lake. "Tusiwe wachoyo. Na wewe, kaka Sadyrbek, ukitaka trekta njoo uniambie. Kulima si ulishalima? Alama yako ipo, haifutiki."

Kila mtu pale alijua alama gani. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na ufa mkubwa ulioanzia juu hadi mtoni. Zamani za shamba la ushirika Sadyrbek, dereva kijana, aliamriwa kuulima upande ule, akaulima, na mvua za mwaka uliofuata zikateremka nao. Aliyetoa amri jina lake halikumbukwi na mtu. Lakini ufa ule unaitwa Korongo la Sadyrbek, na watoto wanalitaja hivyo shuleni kama wanavyotaja mto.

Ulan, mtoto wa kiume wa nyumba ile, alikuwa amesimama mlangoni. Alikunja ngumi. Begimai alimtupia jicho moja tu, akaikunjua.

"Mwaka mmoja," Kubat alisema akiinuka. "Mwezi wa sita ujao nitapanda mpaka juu kwa miguu yangu. Juu kabisa."

Wageni walipoondoka, Zuurakan alibaki ameyatazama makombo. Mteremko ule ndio uliowaweka. Kondoo wakishuka kutoka milima ya kiangazi hawana pengine pa kula kabla ya theluji, na wakati wa kuchipua hawana pengine kabla ya kupanda tena. Mteremko ukienda, kondoo watauzwa. Kondoo wakiuzwa, Ulan ataenda Urusi kama wenzake, kubeba masanduku kwenye maghala ya watu, na Begimai atamfuata, na nyumba itabaki na wazee wawili wanaogombea rimoti. Begi la safari lilikuwa tayari linaning'inia nyuma ya mlango. Ulan alisema ni la kuwekea nguo za kawaida. Zuurakan hakuwa mtoto.

*

"Tulime kwa trekta," Zuurakan alisema walipokaa kula. "Mbegu ziende chini, kwale wakose pa kudonoa."

"Trekta la nani?" Sadyrbek aliuliza.

"La huyo mwenye mdomo. Si amejitolea mwenyewe?"

Sadyrbek alimega mkate, akautazama, akaurudisha sahani. Begimai akamtengenezea baba mkwe wake chai upya ingawa ile ya kwanza ilikuwa bado moto, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na samawari:

"Mama, yule mtaalamu wa malisho aliyekuja kutoka wilayani alitaja njia tatu za kurudisha majani."

"Nilikuwa sipo? Nilimsikia. Ya kwanza trekta. Ya pili mkono, hiyo tumeshawafuturisha kwale. Ya tatu ni ya wendawazimu."

"Ya tatu ni kuwalisha kondoo palepale mteremkoni majira ya baridi," Begimai alisema. "Nyasi za bondeni tunaziacha zikomae mpaka zishike mbegu, ndipo tunakata. Kondoo wakila, mbegu zinapukutika, kwato zinazikanyagia udongoni, samadi inazifunika. Yeye alisema njia zote tatu zinafaa, inategemea mteremko wenyewe na kitu gani watu wako tayari kukikosa. Kwa mteremko mkali kama wetu angechagua hii."

"Achague kwao."

"Mama, mwaka huu pale nyasi zetu zilipomwagika, farasi alipoteleza na mzigo, pameota."

"Wapi?"

"Karibu na jiwe jeupe. Ni padogo, kama zulia hili. Lakini pana kila kitu. Hata yale maua ya rangi ya waridi yanayopendwa na nyuki."

Ulan aliinua kichwa. Sadyrbek naye. Zuurakan akaona wanaume wake wawili wanamtazama msichana kwa matumaini, na moyo ukamwingia baridi, kwa sababu alijua swali ambalo hakuna hata mmoja wao angeliuliza.

"Na samadi?" alisema.

Kijiji kile hakina miti ya kukata, na makaa yanatoka mbali. Watu wanawasha samadi ya kondoo, ile inayogandamana kwenye sakafu ya zizi majira yote ya baridi, kondoo wakila humohumo na kulala humohumo. Jua likishika inakatwa kwa sepetu, matofali kwa matofali, inaanikwa, inapangwa. Na katika kazi hiyo Zuurakan hakuwa na mpinzani. Matofali yake yalikuwa sawasawa kama yametoka kiwandani, na ukuta wake pembeni ya nyumba ulisimama kumzidi mtu urefu, umenyooka, pembe zake kali. Mabibi arusi wapya wa kijiji walikuwa wakiletwa kuutazama. Alipokuwa bibi arusi mwenyewe, mama mkwe wake hakumsifu hata siku moja, ila mara moja tu alipita, akaugusa ukuta kwa kiganja, akaenda zake. Zuurakan aliishi na mguso ule miaka yote.

"Kondoo wakishinda mteremkoni, samadi inabaki mteremkoni," alisema. "Sakafu ya zizi itakuwa nyembamba kama chapati. Nitakata nini? Tutawasha nini? Majivuno? Hapana. Baba Ulan, kesho nenda kwa Orozbek."

Sadyrbek alienda. Alienda kwa ajili ya mkewe, si kwa ajili ya trekta.

Alirudi mapema mno. Alivua viatu taratibu, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Anataka nini?" Zuurakan aliuliza.

"Atalima. Halafu farasi wake ndio watakaotangulia kula nyasi zake, miaka mitatu." Akaitazama mikono yake. "Mkewe alinitilia chai."

"Enhe?"

"Alinijazia, mama Ulan. Bakuli la kwanza kabisa. Hata sijaanza kusema. Pomoni, mpaka nikashindwa kulinyanyua bila kumwaga."

Zuurakan alihisi masikio yanawaka. Mume wake, mzee wa nywele nyeupe, alikuwa amejazwa bakuli mbele ya watu kama mchuuzi aliyekosea nyumba. Na alikuwa amelinywa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alikuwa ameinamisha shingo, akalinywa lote, kwa sababu yake yeye.

"Na hata angetoa bure," Sadyrbek alisema, na sasa sauti yake ikanyooka, "sitalima. Nalijua jembe la trekta kwenye mlima kama ule. Ukishaufungua, hujui utafunga na nini. Korongo moja lenye jina langu linatosha."

*

Asubuhi Zuurakan alipanda mteremko peke yake. Alisema anamtafuta mwanakondoo, ingawa hakuna mwanakondoo aliyepotea. Kwenye jiwe jeupe alisimama. Palikuwa padogo kama alivyosema Begimai, kama zulia, lakini palikuwa kijani mpaka macho yakachukia kutazama kwingine. Kuzunguka pale kila kitu kilikuwa chekundu na kimekufa.

Hakuamini. Alishika shina moja lenye maua ya rangi ya waridi akalivuta. Halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akakanyaga jiwe kwa mguu, akavuta kwa hasira zote alizokuwa nazo kwa Orozbek, kwa mke wa Orozbek na kwa kwale. Shina likakatika, mzizi ukabaki, na Zuurakan akaanguka makalio chini, kilemba upande. Alikaa palepale akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Alishuka, akamkuta Ulan ananoa mundu mrefu. Ulikuwa wakati wa kukata nyasi.

"Weka chini," alimwambia. "Bonde letu haliguswi mpaka mbegu zikauke. Na mtu asiniulize kitu leo."

Begimai alikuwa anakanda unga. Hakuuliza kitu. Ila unga ule aliukanda kwa nguvu mpaka meza ikahama.

*

Kama umewahi kuishi kijijini unajua hakuna aibu kama kazi isiyofanywa wakati wenzako wanaifanya. Wiki zote za kukata, bonde lilinukia nyasi mbichi, marundo yakasimama kila mahali, na katikati yake kipande cha Sadyrbek kimesimama wima, kirefu, kinageuka manjano.

"Zuurakan, mundu wenu umeibwa?" Saltanat, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwita kutoka barabarani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. "Au mzee kiuno kimekatika?"

"Kiuno kipo. Kamuulize mwenyewe."

"Mbona hamkati? Zitakuwa kuni hizo, si nyasi."

"Kondoo wetu wana meno mazuri," Zuurakan alisema, akaingia ndani, akafunga mlango, akauegemea. Alijua nyasi zikikomaa hivyo utamu wake unapungua. Alijua kondoo watakonda kidogo. Kila alichokijua kilikuwa kinamsuta.

Walikata mwisho wa mwezi wa nane, alfajiri, umande ukiwa bado mzito, maana nyasi kavu zikiguswa jua likiwa kali mbegu zinamwagika zote hapohapo. Waligeuza kwa mikono, polepole, kama mtu anavyomgeuza mtoto aliyelala. Zuurakan alitandika mazulia yake ya kukalia wageni ndani ya mkokoteni ili kisipotee kitu njiani. Saltanat alipoona mazulia yale hakucheka tena. Alienda akamwambia mumewe kwamba jirani zao wamerukwa na akili wote wanne kwa mpigo.

Halafu baridi ikaja. Kila asubuhi Ulan alimfunga farasi kwenye mkokoteni wa theluji, akapanda na mzigo, na Begimai akatandaza nyasi mistari mistari, leo hapa, kesho hatua chache pembeni, ili pasiachwe pengo. Mteremko ule unaelekea kusini, upande wa jua, theluji haikai sana. Kondoo walipanda nyuma yao wakikoroma mvuke, wakala, wakakanyaga, wakashinda huko mpaka jua likainama. Zuurakan alisimama chini akitazama. Kila kondoo alipoinua mkia, alisonya.

"Tofali hilo," alisema. "Na lile. Angalia, na lile pale. Mungu wangu, jiko zima linaanguka."

"Mama Ulan, ingia ndani," Sadyrbek alimwambia. "Unahesabu makalio ya kondoo."

Ndani hakukuwa na raha zaidi. Ukuta wa mwaka uliopita ulikuwa unaliwa na jiko, tofali baada ya tofali. Ulishuka ukafika kifuani, ukafika kiunoni, ukafika magotini. Walianza kulala wote chumba kimoja ili wawashe jiko moja. Saltanat alipokuja kuazima ungo, Zuurakan alitoka kumpokea nje, akasimama mbele ya ukuta na sketi yake pana, kama mtu anayeficha kitu cha aibu.

Na juu kabisa kazi ilikwama. Sehemu ya juu ya mteremko, ile ambayo Kubat alisema atafika kwa miguu yake, upepo wake ulikuwa hauna adabu. Nyasi zilizotandazwa asubuhi, mchana zilikuwa zimeshafika kwa watu wengine. Kondoo hawakupenda kukaa kule. Theluji ilipoanza kulegea, sehemu ile ilionekana tupu kama kichwa cha mzee.

Siku moja Zuurakan alimkuta Ulan ameketi kitandani na begi mapajani, anapaka zipu yake mafuta ya kondoo ili iteleze.

"Zipu ilikuwa inakwama tu, Mama," alisema.

"Naona."

Alitoka, akachukua sepetu na gunia, akaenda zizini. Sakafu ilikuwa nyembamba kama alivyotabiri, lakini ilikuwepo: samadi ya usiku, ya miezi yote, nyeusi na imeshikana. Angekata vizuri, angeweza kupata ukuta wa kufika kifuani. Kifuani si haba. Alisimama pale kwa muda. Kisha akapiga sepetu, na badala ya kukata alivunja, akapondaponda, akajaza gunia.

Begimai alimkuta hivyo. "Mama! Hiyo si ya kukata?"

"Kondoo walikula mbegu au hawakula?"

"Walikula."

"Mtaalamu wako alisema zile ndogondogo zinapita tumboni nzimanzima, au alisema hazipiti?"

"Zinapita, Mama. Si zote, lakini zinapita."

"Basi shika gunia upande huo. Hii ni nzito, upepo hauwezi kuibeba. Tunapandisha mpaka juu."

Walipandisha siku baada ya siku, wanne wote, Sadyrbek akivuta pumzi kila baada ya hatua chache na kusingizia kwamba anatazama mandhari. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mazizi yake wakati ule, kila mtu anakata matofali yake, na kila aliyeinua macho alimwona Zuurakan, mwenye ukuta, anabeba samadi mgongoni kwenda mlimani kuitupa.

Orozbek alipita na farasi wake, akasimama kabisa.

"Shemeji! Unajenga jiko juu ya mlima?"

Zuurakan alitua gunia. Uso wake ulikuwa mweusi kwa vumbi la samadi na jasho limechora mistari.

"Najenga," alisema. "Njoo mwezi wa sita uote moto."

*

Kwale walirudi. Ulan aliwaona kwanza, kundi lilelile au ndugu zao, wanashuka majabalini wakiwa na furaha ya watu wanaoijua njia. Walichakura kwenye mabua, wakachakura tena. Mbegu zilikuwa zimekanyagiwa chini, zimegandamana na udongo na mavi. Walizungukazunguka siku mbili tatu wakinung'unika, wakaondoka.

"Waambieni wenzenu!" Zuurakan aliwapigia kelele. "Waambieni hoteli imefungwa!"

Lakini na nyasi nazo hazikuonekana. Mteremko ulikuwa wa kijivu sasa, rangi ya mabua yaliyooza, na watu waliopita walitikisa kichwa. Kila asubuhi Zuurakan alipanda, akalala kifudifudi bila kujali atakayemwona, akafunua mabua kwa vidole. Udongo. Udongo. Udongo. Kisha asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, chini ya mabua, palikuwa na kitu chembamba kama uzi. Akafunua pembeni, kingine. Akatambaa kwa magoti, akifunua huku na huku, na kila alipofunua vilikuwepo, vimeinama, vimekunjana kama watoto chini ya blanketi. Alitambaa hivyo mpaka juu kabisa, penye samadi yake. Kule ndiko vilikuwa vingi zaidi.

Hakumwambia mtu. Alishuka akapika pilau siku isiyo na sikukuu, na Sadyrbek alipouliza kuna nini, alisema mchele ulikuwa unataka kuharibika.

*

Mwezi wa sita Kubat alikuja na koti lake, na Orozbek nyuma yake. Safari hii na Saltanat alikuja, na nusu ya kijiji, kila mmoja akiwa na kisingizio chake.

Haikuhitaji kukaguliwa. Mteremko ulionekana tangu barabarani. Ulikuwa kijani chini hadi juu, na maua ya rangi ya waridi yametapakaa, na upepo ulipopita mlima mzima ulilala na kuinuka. Pembeni yake miteremko ya wengine ilikuwa myekundu kama jana na juzi.

Hata hivyo Kubat alikuwa amesema juu kabisa, akapanda juu kabisa. Viatu vyake vililowa, suruali ikalowa mpaka magotini. Kule juu nyasi zilimfika mapajani. Aliinama, akashika shina akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Usisumbuke, mwenyekiti," Zuurakan alimwita kutoka chini. "Mimi nilianguka!"

"Magugu hayo," Orozbek alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nyasi za mwaka mmoja. Kwa njia gani? Hakuna aliyelima hapa."

"Ndiyo," Sadyrbek alijibu. "Hakuna aliyelima hapa." Alisema polepole, akitazama upande wa lile korongo, na aliponyamaza alikuwa amesimama wima kuliko sisi wanakijiji tulivyowahi kumwona, na tumemjua miaka mingi.

Kubat aliposhuka alivua kofia. "Mteremko ni wenu," alisema. "Na nitawaomba mje mwezi wa saba mkutanoni mseme mlivyofanya. Nani atasema?"

Sadyrbek alimtazama mkewe. Zuurakan alimwonyesha Begimai kwa kidole. "Huyu. Ana sauti ndogo, itabidi mnyamaze."

Wageni wakakaribishwa ndani. Begimai alielekea kwenye samawari, mahali pake pa kila siku, lakini Zuurakan alimshika mkono.

"Leo namimina mimi. Wewe kaa kule mbele, mkabala na mlango."

"Mama, kule ni kwa wageni wa heshima."

"Kwani nimesemaje? Kaa. Uuone mlima wako."

Begimai akakaa, mwekundu mpaka shingoni, na Zuurakan akampa bakuli la kwanza kabla ya mwenyekiti, chai kidogo tu chini yake. Watu waliona. Kubat alikohoa akatazama dari.

"Zuurakan," Saltanat alisema, na hakuwa anacheka, "niuzie mbegu za ule mlima zikikomaa. Wangu mimi ni fupa tupu. Samadi ninayo. Nitakupa matofali mpaka ukuta wako usimame tena, pembe utapanga mwenyewe, mimi pembe zangu huwa zinaanguka."

"Siuzi," Zuurakan alisema. Akaacha uso wa Saltanat uanguke kidogo, ndipo akaendelea: "Leta matofali, chukua mbegu. Na nyasi zako mwaka huu usikate mapema, hata wakikucheka. Ulan! Tafuta kitu cha kuwekea mbegu za jirani, tukianza kukusanya tusihangaike."

Ulan aliinuka. Alienda nyuma ya mlango, akatungua begi la safari, akakung'utia mashati yake na soksi zake kitandani mbele ya watu wote, akalifungua wazi na kumpa mama yake. Zipu iliteleza vizuri. Zuurakan alilipokea, akaliweka mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili, na kwa muda hakuweza kumimina chai ya mtu.

Orozbek ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka kuondoka. Alirudisha bakuli akitazama mlango. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ndani ya mlango kulikuwa na mlima, wote, na maua yake. Zuurakan alimtilia chai kidogo. Alikunywa kwa funda moja, akarudisha. Akamtilia kidogo. Huwezi kuinuka, katika nyumba ya watu, mwenye nyumba akikutilia hivyo na kukusogezea siagi. Alikunywa, akarudisha, akatiliwa kidogo, akasogezewa jamu.

"Shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo alidhani wengine hawaisikii, "nijazie, tafadhali. Niende."

Jua la mwezi wa sita lilikuwa linaunguza paa. Zuurakan alilichukua bakuli lake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Uende wapi?" alisema. "Nilikualika uote moto. Ota."

Akamtilia chai ya kufunika tako la bakuli tu.